Hodi Ndani ya Hedifoni

Sikulazimishi kuniamini. Ninachokuomba ni kwamba usiniambie nilipitiwa na usingizi, na usiniambie ni joto. Kila niliyemsimulia ameanza na hayo mawili, na kila mmoja nimemjibu kwamba jua la Bagamoyo limenilea tangu utotoni na halijawahi kunisemesha hata siku moja. Haya yamenipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa macho, katika nyumba hii hii ninamokuandikia.

Kwanza niseme habari za hedifoni, maana bila hizo hakuna kisa.

Ninazo za aina nne. Haya, cheka. Binamu yangu wa Chalinze kila akija ananiuliza kama nimeota masikio mengine. Lakini wewe hapo ulipo una ndala za chooni, una viatu vya kazini na una vya harusini, na hakuna anayekuuliza una miguu mingapi. Kusikiliza nako kuna mahali pake na vazi lake. Ninazo ndogo nyeupe zisizo na waya, za kutembelea. Hizo nazivaa chini ya mtandio nikienda sokoni, na ndizo zilizonipa sifa mtaani kuwa nina maringo, maana watu wananisalimu nami napita zangu. Ninazo za waya, za kuongelea na simu, kwa sababu simu yangu bila hizo inakoroma tu. Ninazo kubwa nyeusi za kazini, zinazofunika sikio zima na kuzima kelele za nje. Ukizivaa, pikipiki ikipita dirishani unaiona lakini huisikii. Na ninazo za jikoni, za waya pia, zilizokufa upande wa kushoto.

Za namna hiyo watu huzitupa. Mimi ndizo ninazozitunza kuliko zote. Sikio la kulia linasikiliza redio, la kushoto linabaki kwa ajili ya nyumba: sufuria ikichemka, shangazi akiita, mgeni akibisha.

Shangazi ndiye dada mkubwa wa baba yangu, na ndiye mwenye nyumba. Aliirithi kwa babu, hapa mji mkongwe, mlango wa mbao nene na komeo la chuma ambalo hata kulifungua kunataka uwe umekula. Ndiye aliyenilea baada ya wazazi wangu kufariki. Sina mwingine, na yeye hana mwingine. Masikio yake yamechoka siku nyingi, kwa hiyo anavaa kifaa kidogo cha kusikia nyuma ya sikio. Kile kifaa kina tabia moja: ukikishika kikiwa kimewashwa, ukawa unakitia sikioni, kinapiga mluzi mwembamba, fiii, mpaka kikae sawasawa. Likumbuke hilo. Akilala mchana hukivua akakiweka juu ya stuli kando ya kitanda.

Kazi yangu ni kusikiliza. Kuna dada mmoja wa Dar es Salaam, nitamwita Dada Zuhura, ambaye hunitumia sauti zilizorekodiwa vijijini, watu wakihojiwa mambo ya kilimo na maji, nami nazigeuza maandishi neno kwa neno. Nafanyia ukumbini, kwa sababu ndiko upepo unakopita. Na shangazi aliniwekea sharti moja tu tangu nilipoanza: yeye akilala, mimi nivae zile za jikoni. "Sikio moja la kazi, mwanangu, sikio moja la nyumba," alisema. "Nisije nikafa humu nikikuita nawe umejiziba kama chupa."

Siku ile nilivunja sharti. Sauti iliyotumwa ilikuwa ya kijiji cha Makurunge, bibi mmoja anahojiwa ndani ya nyumba yake, na upepo ulikuwa unapuliza kwenye kile chombo cha kurekodia mpaka maneno yanazama. Kwa zile za jikoni nilikuwa napata neno moja, napoteza mawili. Adhuhuri ilikuwa imeshaswaliwa, tumeshakula, shangazi ameshaingia chumbani kwake kulala, mtaa mzima kimya, kila mtu anakimbia jua. Nikasema moyoni, kidogo tu. Nikavaa kubwa.

Maneno yakaja safi kabisa. Namsikia yule bibi anaeleza habari za shamba lake, namsikia kuku, nasikia hata kijiko kinagonga kikombe. Basi pale katikati ya maelezo, nikasikia mtu nje ya nyumba yao.

"Hodi wenyewe!"

Sauti ya mwanamke wa makamo, tulivu, ya mtu aliyefunzwa adabu. Bibi akanyamaza. Hakuitika. Anayemhoji naye akanyamaza. Nilishangaa kidogo, maana bibi wa vile kuacha mgeni mlangoni si kawaida.

"Hodi hapa!"

Kimya. Sasa nikuulize wewe uliyelelewa kwetu: hodi ikilia mara ya pili na nyumba ina watu, wewe unafanyaje? Unakaa unahesabu boriti? Huwezi. Mdomo unaitika wenyewe, hata mikono ikiwa imejaa unga. Tumefundishwa hivyo kabla hatujajua kufunga vifungo vya nguo. Nami macho yako kwenye maandishi, vidole vinachapa, masikio yamezibwa hata sijui niko Makurunge au niko Bagamoyo, nikasema kwa sauti yangu yote:

"Karibu!"

"Starehe, mwanangu," ikajibu ile sauti.

Nikasikia kandambili zinavuliwa kizingitini, moja, kisha ya pili. Nikasikia mtu anakaa juu ya mkeka na kushusha pumzi, kama anavyofanya yeyote aliyetembea juani. Nilitabasamu, wallahi. Nilidhani bado naisikiliza Makurunge. Ndipo nikatazama kompyuta nikaona sauti imesimama. Nilikuwa nimeisimamisha mwenyewe kabla ya kuitika.

Ile pumzi ilikuwa inaendelea.

Nikavua hedifoni. Ukumbi uko vilevile, mkeka hauna mtu, mlango umefungwa kwa komeo kama nilivyoufunga. Hakuna sauti ila ya shangazi anayekoroma mbali huko chumbani. Nikacheka peke yangu. Nikavaa tena.

"Umeniacha peke yangu, mwanangu, mbona?" akasema.

Niamini, sikupiga kelele. Nilivua zile kubwa nikazitupa mezani, nikaenda moja kwa moja mlangoni. Komeo lile nalifungua kila siku. Siku ile nililivuta kwa mkono mmoja, nikalivuta kwa miwili, nikaweka mguu ukutani nikalivuta kwa mwili mzima, na halikusogea hata unywele. Nikaenda dirishani. Madirisha yetu yana nondo, ni nyumba ya mji, na nje hapakuwa na mtu. Nilimwita jirani, na sauti yangu mwenyewe ilitoka ndogo, ikaishia palepale kwenye nondo. Mlango wa uani ndio uliobaki, na kuufikia lazima upite korido, na mlango wa chumba cha shangazi uko kwenye korido hiyo hiyo.

Nikasimama katikati ya ukumbi. Kitu kibaya kuliko vyote, nakwambia, ni kuwa ndani na mtu usiyejua amekaa wapi. Nikivua nisimsikie, nitamkanyaga. Nikivaa nimsikie, nitaongea naye. Nilikuwa naogopa yote mawili sawasawa.

Nikajidanganya kwamba ni zile kubwa ndizo mbovu. Hedifoni zangu zote hukaa kwenye kikapu cha ukili kando ya kompyuta. Nikachukua nyeupe nikazitia masikioni bila hata kuziwasha. Alikuwa karibu mno, kana kwamba ananinong'oneza chini ya mtandio. "Naomba maji, mwanangu." Nikazing'oa. Nikachukua zile za simu. Waya ulikuwa unaning'inia, haujachomekwa popote. Humo alisikika kama mtu aliyepiga kutoka mbali, yuko mahali penye upepo. "Maji tu. Usijisumbue na kingine."

Ungefanya nini? Mimi nilimpa maji. Usinicheke. Mgeni ameomba maji, na mtu niliyemkaribisha kwa kinywa changu mwenyewe nitamnyima maji kwa lipi? Nilimimina kwenye glasi nikaiweka mkekani kwa mkono wa kulia, nikavaa tena zile kubwa nikamsikia anakunywa mpaka mwisho na kumshukuru Mungu. Glasi ilibaki imejaa.

Kisha akaniambia shida yake. Aliisema kwa upole, kama mtu anayeulizia njia.

"Mwenye nyumba yuko wapi? Nimekuja kumfuata. Akinikaribisha chumbani kwa kinywa chake, nitaondoka naye."

Sikumjibu. Lakini shangazi alikuwa anakoroma, na mgeni alimsikia kama nilivyomsikia mimi kabla ya kuvaa hedifoni. "Aah," akasema. "Kumbe amepumzika." Nikasikia mkeka unalia, mtu anainuka.

Hapo ndipo akili ilinirudia. Ukimkaribisha mgeni ukumbini, hujamkaribisha chumbani. Kwetu kila mlango una hodi yake. Na hodi ni mara tatu. Ukibisha mara tatu usiitikiwe, unarudi ulikotoka wala hununi. Huyu alivua viatu kizingitini. Aliomba maji, hakuchukua. Mtu wa namna hiyo atabisha hodi kwa shangazi, na shangazi, kifaa kikiwa juu ya stuli, hatasikia kitu. Nilimshukuru Mungu kwa uziwi wa shangazi yangu, jambo ambalo sikuwahi kudhani nitalifanya.

Lakini lazima niwafuatilie wote wawili. Kwa zile kubwa namsikia mgeni tu. Bila hedifoni namsikia shangazi tu. Nikazitoa zile za jikoni kikapuni.

Sikio la kulia, nyayo za mtu asiye na viatu kwenye saruji ya korido, taratibu. Sikio la kushoto, shangazi anakoroma. Nilisimama mwanzo wa korido, sioni mtu, naona pazia la mlango wa shangazi limetulia.

"Hodi," sikio la kulia.

Sikio la kushoto, shangazi anakoroma. Nikaanza kusoma Kul Huwallahu, nikazichanganya aya, nikaanza upya.

"Hodi, mwenyewe."

Na sikio la kushoto, mkoromo ukakatika. Kitanda kikalia. Labda niligonga ile glasi nikipita ukumbini, labda ni joto lilimwamsha, sijui mpaka leo. Nikamsikia anapiga miayo, anasema "Lahaula" kama anavyosema kila akiamka, kisha mkono wake unapapasa juu ya stuli.

Fiii.

Alikuwa anakivaa.

Nilikimbia. Kati yangu na chumba cha shangazi palikuwa na yule mgeni, simwoni, lakini nilijua amesimama wapi, nami nilipita papo hapo. Ilikuwa kama kupita katikati ya kanga zilizoanikwa mbichi: baridi usoni, baridi shingoni, halafu basi. Nikaingia na pazia mkononi. Shangazi amekaa kitandani, kidole bado kiko sikioni, amegeuza uso mlangoni na mdomo umeshafunguka. Nikamziba mdomo kwa kiganja.

"Hodi hapa," kwa mara ya tatu.

Alimsikia. Niliona macho yake yanauelekea mlango, nikaona kifua kinajaa pumzi ya kuitika. Mwanamke aliyekaribisha watu katika nyumba hii maisha yake yote, unadhani anaacha hodi ya tatu? Alinisukuma. Aliniparua. Aliniuma kiganja, alama ninayo, nitakuonyesha tukikutana. Nilimkumbatia kwa nguvu nikaushikilia ule mdomo, nalia, namwambia sikioni, usiitike, mama, nakuomba usiitike.

Tukangoja hivyo.

"Haya," ikasema sauti nje ya pazia, bila hasira hata kidogo. "Nimebisha mara tatu. Acha nikamngoje ukumbini." Nyayo zikarudi. Mkeka ukalia.

Adhana ya alasiri ilipoanza msikitini, komeo lilifunguka kwa kidole kimoja. Tulitoka tukakaa kibarazani mpaka giza likaingia, shangazi amevaa kanga yangu mabegani. Nilipomaliza kumweleza akauliza swali lile ambalo ninalala nalo tangu siku hiyo. "Sasa huyo ameshaaga?"

Hajaaga. Hilo ndilo tatizo letu. Chumbani hakuitikiwa, lakini ukumbini alikaribishwa, tena na mimi. Na mgeni hafukuzwi. Yeye ndiye anayeomba ruhusa ya kwenda. Tulimleta maalim wa mtaani kwetu akasoma, ubani ukafukizwa mpaka tukatoa machozi. Mimi nilivaa zile za jikoni ili nijue kinachoendelea. Kila maalim alipoomba dua, mgeni aliitikia "Amina" vizuri kuliko sisi wote. Nilipomwambia, maalim alifunga kitabu taratibu. "Umemwalika mwenyewe, naye ni mstaarabu," aliniambia. "Mimi nimwambie atoke kwa kosa gani?" Alikunywa chai yake kibarazani.

Tulihamia kwa binamu Chalinze. Huko malori yanapita mpaka alfajiri, na nilikuwa nalala kama mtoto. Nilivaa hedifoni zote nne kwa zamu, na hamkuwa na kitu ndani yake ila redio. Lakini shangazi alianza kukonda. Halalamiki, anakaa tu kitandani kwa watu, mkoba wake hajaufungua, anauliza kila siku ni nani anafagia kwetu. Alizaliwa katika nyumba hii, na baba yake alifia humu. Mwishowe alisema, "Nikifa barabarani huku nitakuwa nimefukuzwa na nani, na mtu nisiyemwona?" Tukarudi.

Sheria ya nyumba sasa ni hii: shangazi anavua kifaa mlangoni, kama watu wanavyovua viatu. Kinakaa kibarazani ndani ya kopo la maziwa ya unga. Siku ya kwanza alikivua kwa hasira. "Yaani mimi, nyumbani kwa baba yangu, niwe kiziwi kwa ajili ya mtu asiyejua kuaga?" Lakini alikivua. Ndani tunaongea kwa mikono na kwa midomo. Adhana haisikii tena akiwa ndani, kwa hiyo nikisikia mimi namgusa bega. Jioni anatoka kibarazani, anakivaa, anasikiliza watu wanavyopita wakisalimiana, na naona anavyochelewa kuingia.

Mimi nazivaa zile za jikoni tu. Kubwa nimezifungia kabatini. Kazi inakwenda polepole, nusu ya masikio. Nyumba nayo imekuwa ndogo. Mkekani hatukai, tunapita pembeni, na kila siku naweka glasi ya maji.

Yule Dada Zuhura nilimwambia aisikilize sauti ile ya Makurunge kwa makini. Nilitegemea atasema haina hodi. Alinipigia akiwa na wasiwasi. Hodi zimo, mbili. Na baada ya ya pili, kuna mwanamke anasema "Karibu". "Mbona sauti ni yako?" akaniuliza. "Ulikwenda Makurunge lini?"

Sijawahi kufika Makurunge katika maisha yangu.

Alipokwenda huko tena kikazi, nilimwomba amuulize yule bibi. Bibi alikuwa mzima, amenenepa hata. Alimwambia bila kificho: mgeni yule walikuwa wanamsikia kila mchana, miaka, na nyumbani kwao mtoto anafundishwa kutoitika adhuhuri mpaka aone uso wa mtu. Tangu siku ile ya mahojiano hajabisha tena kwao. Akamuuliza aliyeitika ni nani. Akanitumia salamu, na shukrani, na mihogo mizuri ya shambani kwake. Nilikaa na ule mfuko wa mihogo miguuni nikaelewa namna ya kumtoa mgeni kwetu. Nadhani na wewe umeshaelewa.

Niliapa sitafanya hivyo kwa mtu. Kuna kijana ana kipindi mtandaoni cha visa vya kutisha, amenibembeleza mno nimsimulie kwa sauti yangu, watu wasikilize wakiwa wamelala na hedifoni zao. Nimemkatalia. Ndiyo maana haya unayasoma, huyasikii. Nilijiona mtu mwema sana.

Ila juzi mchana, tulikuwa tunachambua mchele pale ukumbini, mimi na shangazi. Kifaa chake kiko kibarazani kwenye kopo. Mimi sina hedifoni, nyumba kimya kabisa. Shangazi akainua uso kwenye ungo, akageukia korido, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mwanangu, mbona humwitikii mtu? Nani huyo anabisha?"

Nilimrukia, mchele ukamwagika. Safari hii hakuniuma. Alinitazama juu ya mkono wangu, akaelewa, na machozi yakamtoka yakapita katikati ya vidole vyangu. Hatukusogea mpaka adhana ilipolia. Sikusikia hodi hata moja, kwa hiyo sikujua alikuwa amefikia ya ngapi.

Jana nikaiweka simu juu ya mkeka, kando ya glasi, nikabonyeza kurekodi, nikatoka nje. Niliporudi nikaizima. Sijaisikiliza. Nimeshapitia majina yote niliyonayo kwenye simu, nikafika kwa binamu, nikarudi juu, nikafika tena kwa binamu. Sijaituma. Sijaifuta pia.

Basi nakuonya ukiwa bado una nafasi. Ikikufikia sauti kutoka kwangu, isiyo na maelezo, usiivalie hedifoni. Kama umeshavaa na ukasikia mwanamke mpole anabisha, vua, nenda mlangoni kwako, uone kwanza kama kuna mtu. Ng'ata ulimi, ziba mdomo kwa mikono yote miwili ikibidi. Ni neno moja tu la kuzuia, na nina hofu nawe, maana najua umelelewa vizuri.